Mizinga Imefika

Epifania alikuwa anatoa kopi ya cheti cha ubatizo alipopoteza mizinga yake yote kwa mara nyingine. Alisikia kompyuta ikilia, akageuka, akaona farasi wa Shedrack wameshaipitia. Akamkabidhi mteja karatasi zake, akamtakia safari njema, akakaa.

Duka lake la stationari lilikuwa mtaa wa Izia. Alasiri za Julai, upepo wa Ufipa unapowafungia watu ndani na masweta yao, wateja huwa wa kubahatisha. Ndipo alipocheza kwenye kompyuta. Mchezo ulikuwa wa vita ile ya Mjerumani na Mwingereza, na ramani yake ilionyesha Ufipa yenyewe, na bonde la Rukwa chini yake. Shedrack, mume wa mdogo wake Scola, alicheza naye kwa mtandao kutoka Muze, huko bondeni, alikokuwa akinunua mpunga.

"Shemeji, unaitanguliza mizinga kama maksai wa kulimia," alimwambia kwenye simu. "Mzinga hauwezi mtu aliyekwisha kuukaribia. Uweke nyuma, mahali pa juu, uupe askari wa kuulinda. Halafu usitawanye moto. Piga sehemu moja mpaka itoboke, ndipo upeleke watu."

Epifania akasikia la shemeji yake. Akairudisha mizinga nyuma, akaipandisha kilima cha upande wa Pito. Skrini ikaandika kwamba mizinga imefika.

Mlango ukafunguliwa. Wakaingia wanaume waliobeba gurudumu la mzinga kwa mti mrefu, wakalitua kando ya mashine ya kopi. Nyuma yao wakaja wengine na masanduku ya makombora vichwani. Mabega yao yalikuwa yamechubuka hadi nyama nyekundu.

"Shikamooni," alisema Epifania. Kwa sura walikuwa vijana, lakini walikuwa wabebaji wa vita ile, waliokufa kabla bibi yake hajazaliwa, na heshima haiangalii sura.

"Marahaba," waliitikia, wakaomba maji.

Mmoja alikuwa na paji la uso la ukoo wa mama yake. Alikuwa Kasmir, mjomba wa bibi yake, aliyekamatwa shambani kwenye ulezi akapelekwa kubeba mizigo ya vita, asirudi. Kila Novemba ukoo ulimtolea misa. Kaburi la kupalilia halikuwapo.

"Misa zinafika," Kasmir alimwambia. "Ila hazijawahi kunikuta nimekaa."

Epifania akabandika sufuria kubwa nyuma ya duka, akawapikia uji wa ulezi. Margareth, jirani yake, alikuja kupiga picha za pasipoti. Aliwaambia samahanini, akaruka mtutu uliolala njiani, akauliza mlango utafungwa lini maana baridi inaingia.

Jioni Shedrack alipiga simu. "Shemeji, kwako wamekuja?"

"Wamekuja."

"Wangu wamejaza ghala la mpunga. Wanasema wana ndugu zao huko kwako."

Epifania akawauliza. Ni kweli walikuwa nao. Nyumba moja, huyu alichukuliwa na Mjerumani, yule na Mwingereza.

Kesho yake aliivusha mizinga mto, apate kuipiga kambi ya Shedrack. Wabebaji wakainua mizigo, wakatoka nayo; iliposimama wakarudi, na mmoja wao akaketi kizingitini asiinuke tena. Wenzake wakamfunika nguo yake, wakagawana mzigo wake. Skrini ikaandika kwamba mizinga imefika.

Epifania akaacha kusogeza chochote. Aliikodolea macho ramani mpaka chai yake ikapoa, akauona mgongo wa kilima ambao mzinga ukikaa juu yake unafikia kivuko na pia njia ipandayo kutoka Muze. Ukikaa pale hauna haja ya kwenda kokote.

"Babu," alimwita Kasmir, "nikiwaomba mara moja tu, ya mwisho?"

"Hatujawahi kuombwa," alisema Kasmir. Akawageukia wenzake, wakainua.

Mizinga ikakaa pale. Epifania akaizungushia askari, akasubiri. Watu wa Shedrack walipoanza kupanda kwa mstari mmoja, akawaacha wapande, mpaka wa mbele walipokaribia ukingo. Hapo akaelekeza moto wote kwenye kichwa cha njia. Wa nyuma wakakosa pa kupita, na mizinga ya Shedrack ikabaki bondeni isione kitu.

"Umenishinda, shemeji," alisema Shedrack.

Skrini ikatoa sifa kwa Kiingereza. Epifania akawasomea kwa Kiswahili: mizinga ilifika kwa wakati, ikaamua vita.

"Ilifikaje?" Kasmir aliuliza.

Epifania akatafuta katika mchezo mzima. Maafisa walikuwamo kwa majina na picha. Farasi walikuwamo, na rangi zao. Wabebaji hawakuwamo.

"Haijaandikwa, babu," alisema.

Akazima kompyuta, akaichomoa kwenye umeme. Akawatandikia mikeka sakafuni, wakalala chali, mikono kifuani. Kasmir alikuwa ameanza kusinzia alipofumbua macho, akaketi. Wengine nao wakainuka, wakaanza kusokota kata za kichwani.

"Babu, mimi nimezima."

"Najua. Si wewe."

Akampigia Shedrack. Naye alikuwa amezima, na wa kwake walikuwa wanatoka ghalani.

"Kuna mwingine ameanza," alisema Kasmir. "Mbali huko." Akainama, wenzake wakamtwisha sanduku.

Ubao mmoja wa mlango ulikuwa umeshafungwa kwa usiku, na gurudumu halikupita. Epifania akavuta komeo la ubao huo, akazishikilia mbao zote mbili dhidi ya upepo hadi wa mwisho alipotoka. Kisha akafunga, akaenda kuosha vikombe.