Ndizi Mbichi za Celestini

Mgeni anaomba sanduku lako lililofungwa, ila hataki ufunguo. Anataka nini? Kitendawili hicho kilinikaa kooni tangu nilipomkuta kijana mgeni, Celestini, akichomoa kidude chake cha kunakilia kwenye kompyuta ya mjukuu wangu Joyness, mtoto wa mwanangu mkubwa.

Nilikuwa nimempelekea Joyness maharage ofisini, hapa Kasulo. Ofisi yao inarekodi masimulizi ya wazee na kuyafunga humo kompyutani kwa kufuli la siri. Na mimi nilisimulia, Joyness akiwa nje. Nilisema kwamba binti yangu Suzan sikumzaa. Nilimpokea kwa mama aliyekuwa anakata roho, mwaka ule watu walipofurika kupitia mpaka wa Rusumo wakikimbia mauaji. Alikuja na jina la Kaneza. Nikataja na baba yake, mtu ambaye maadui zake hadi leo wanaulizia uzao wake. Suzan mwenyewe hajui.

"Shikamoo bibi," Celestini alisema. "Ofisi ya Biharamulo imenituma niwatunzie nakala. Ofisi ikiungua je?"

"Marahaba. Na ufunguo?"

"Wa nini? Bakini nao!" Akacheka, akaenda zake. Alicheka mno.

"Joyness, yule unamjua kwao?"

"Bibi nawe! Hata kama ni mwizi, hawezi kufungua. Kompyuta ingehangaika miaka maelfu."

"Kompyuta ipi?"

"Hizi za leo."

"Na za kesho?"

Akaacha kutafuna. Akasema zipo nyingine zinatengenezwa huko mbali, zinaitwa za kwanta. Zikikomaa, kufuli kama letu zitalivunja. Lini, hakuna ajuaye. Labda miaka kumi.

"Mwanangu, mtu anayeiba ndizi mbichi anakula nini jioni?"

"Hali. Anazivumbika shimoni mpaka ziive."

Alipolisikia jibu lake mwenyewe, akaweka kijiko chini. Alimpigia Celestini simu. Haikupatikana. Akapiga kwenye ofisi ya Biharamulo aliyosema imemtuma. Hawamjui.

Joyness alitoa machozi, kisha akakaza uso. Lipo kufuli jipya, alisema, limeundwa kuzihimili hata mashine hizo. Angebadilisha leo leo.

"Na ile nakala aliyoondoka nayo?"

"Ile ina kufuli la zamani, bibi. Hairudi."

Basi iko shimoni, inaiva.

Sikurudi nyumbani. Nilipita moja kwa moja shambani kwa Suzan, nikamkuta anapalilia mihogo.

"Mama! Na jua hili?"

"Kitendawili."

Akacheka, akaegemea jembe. "Tega."

"Nina mtoto, uchungu wake sikuuona."

Akakuna kichwa. Akataja kuku, akataja boga. "Nimeshindwa. Nakupa mji, chukua Biharamulo yote."

Tangu utotoni akishindwa hunipa mji, nami hujitawaza na kula kuku wa uongo huko, ndipo nimpe jibu.

"Biharamulo baki nayo," nikamwambia. "Weka jembe chini, ukae karibu yangu. Jibu hili nataka ulisikie kwangu, kabla hujalisikia kwa mtu mwingine."