Weupe Uliovuka Sahani

Saa mbili na robo asubuhi, mpimaji wa maabara alitoa kwenye kabati la joto sahani yenye bakteria wa kidonda cha mdogo wake. Ilikuwa na vikaratasi vitatu: kimoja kimelowekwa antibiotiki, kingine maji ya majani ya mpera, cha tatu vyote viwili. Kuzunguka viwili vya kwanza bakteria walijaa, raha mustarehe. Kuzunguka cha tatu palikuwa peupe, bila bakteria hata mmoja, na weupe huo ulikuwa umevuka ukingo wa sahani, umemaliza meza, unapita chini ya mlango.

Alichukua rula akaufuata, akipima.

Wodini weupe ulitambaa polepole chini ya vitanda, na vidonda vikafunga kimya kimya, kama macho yanayosinzia. Ulikoma baada ya kitanda cha nane. Kwenye cha tisa alilala mdogo wake, ambaye mguu wake ungekatwa kesho saa nne.

“Dada na rula,” mdogo wake alisema. “Unanipimia gauni au jeneza?”

“Nyamaza, tunakusogeza.”

Muuguzi mkuu alikataa. “Weupe nauona, mama, mimi si kipofu. Lakini namba zimepakwa ukutani. Nikihamisha tisa, daktari atamkata nani? Niletee majibu ya maabara.”

Mkuu wa maabara aliinua miguu weupe upite, akaisoma fomu ya majibu aliyoijaza dada.

“Hapa pana nafasi ya dawa moja. Wewe umeandika mbili.”

“Moja moja hazifanyi kazi, mzee.”

“Basi tuandike hivyo.” Akaandika: *Sugu kwa dawa*. Akapiga muhuri.

Dada alirudi, akaunyoosha mguu wa mdogo wake hadi kitanda cha nane. Bibi aliyelala pale akajivuta pembeni. “Uweke tu, mwanangu. Mimi nimeshapona, nangoja kuruhusiwa.” Kufikia saa kumi jioni kidonda kilikuwa kimejifunga, kimeacha ngozi laini kama ya mtoto.

Kesho yake daktari alikuja na majibu mkononi. Aliupapasa mguu kwa heshima.

“Mguu mzuri sana,” alisema. “Tutaukata taratibu.”

“Umepona, daktari,” dada alisema.

“Naona. Ila majibu yanasema sugu.”

Wakamsukuma mdogo mtu kwenye korido ndefu, katikati ya weupe mtupu, naye akawa anachezesha vidole vya mguu, kimoja kimoja, kwa kuwa havikumuuma tena.