Mnadi na Picha ya Ufunguo

Mnadi alijua kuuza. Kabati lisilo na mlango aliliuza kwa kulisifia hewa. Kiti cha miguu mitatu alimuuzia mtu wa miguu miwili, akamwambia, "Kimekuzidi mmoja, unataka nini tena?" Watu walikuja mnadani kumsikiliza hata kama mfukoni hawana kitu. Kwa hiyo alipoambiwa ana uvimbe kichwani, upande wa kushoto, jirani na maneno yanapopita, hakuuliza kama atakufa. Aliuliza kama atanadi.

"Ndiyo maana tutakuamsha katikati ya kazi," alisema daktari wa upasuaji, mtu mkavu ambaye hacheki mpaka aandikiwe barua. Akamwonyesha picha ya ubongo wake kwenye skrini. "Juu hapa ni gamba, la kijivu. Chini yake kuna nyuzi nyeupe, mafungu kwa mafungu, kama nyaya za umeme ndani ya ukuta. Ukitoboa bila kujua zilipopita, taa inazimika chumba cha tatu. Na ukuta huu hautiwi waya mpya."

"Sasa mtajuaje zilipopita?"

"Utatuambia wewe. Dada huyu atakuonyesha picha, utataja. Mimi nitakuwa nagusa kwa umeme mdogo. Ukikosea neno, nimegusa waya, pale sikati. Ukipatia, nakata."

Dada mwenyewe, mtaalamu wa matamshi, alikuwa na tableti mapajani. "Sharti moja, kaka. Mezani hakuna utani. Ukikosea makusudi, hatutajua kosa lipi ni lako na lipi ni la waya."

"Hakuna utani," Mnadi aliapa, huku akimkonyeza mkewe.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu? Kumtoa ubongo wote ni rahisi kuliko kumtoa utani!"

Utani ule lakini haukuwa wa bure. Mnadi alilelewa na milango ya watu, mingi ikifungwa usoni pake, na mapema aligundua kwamba anayewachekesha watu hachekwi akianguka. Akijikwaa, alicheza. Akikosea, alisema ndivyo alivyokusudia. Ngao hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye mvi.

Siku ya siku alizinduka kichwa kimebanwa, kitambaa cha kijani kimesimamishwa juu yake kama hema. Maumivu hakuna. Nyuma ya sikio tu kulikuwa na mrija unaofyonza, mlio wa mtu anayemalizia kinywaji asichotaka kukibakiza.

"Hii ni nini?" Dada aliinamisha tableti.

"Kikombe."

"Hii?"

"Mwavuli."

Ikaja picha ya punda. Hofu ilikuwa imemkaa kifuani kama gunia, naye alijua njia moja tu ya kulitua.

"Shemeji," alisema.

Chumba kizima kilicheka. Daktari hakucheka. "Huo uwe wa mwisho."

"Wa mwisho, daktari. Lakini hebu yaone masikio!"

Kazi ikashuka chini. "Sasa tuko kwenye nyeupe," daktari alisema, na sauti yake ikapungua. Kisu. Kiatu. Kuku. Kisha ufunguo. Mnadi aliuona, akaujua, mpaka uzito wake mkononi aliusikia. Akafungua mdomo.

"Shemeji."

Wakacheka tena. Yeye akaingiwa na baridi. Neno lile hakulituma. Lilijipandisha lenyewe, kama mtu anayenyoosha mkono mnadani ukiwa umempa mgongo.

Dada alimwinamia. "Kaka, umetania au umekosea?"

Maneno yalikuwa yamesharudi. Moja tu, "nimekosea", lilitosha. Lakini kicheko kilikuwa bado chumbani, kina joto, na ulimi ukashika njia yake ya miaka yote.

"Nimetania, dada. Nisamehe. Ule ni ufunguo."

Daktari akagusa tena, upana wa unywele mmoja pembeni mwa pale pa kwanza.

"Ufunguo," Mnadi alisema.

"Basi pale hakuna kitu. Nakata."

Mrija ukaanza kufyonza. Ngoja, Mnadi aliwaza. Ngoja, daktari, sikutania. Wazo lilikuwa safi, limenyooka. Akalivuta hadi ulimini, akalisukuma nje.

"Shemeji."

Nesi akacheka. Dada alikuwa akiyatazama macho ya Mnadi.

"Simama, daktari! Simama!"

Mrija ulinyamaza.

Wodini, kabla Dada hajapata pa kuanzia kueleza, mke na kaka yake walishaingia. Mke akamshika mkono. "Mume wangu, unanijua?"

Alimjua. Alijua anavyokoroma, anavyoficha vibiriti, anavyoimba akikasirika. Akamtazama, akamwita.

"Shemeji."

Kaka mtu akapasuka. "Hata kitandani! Si nilisema?" Mke naye akacheka, akifuta machozi kwa ncha ya khanga. Na uso wa Mnadi, ulivyozoea kazi hiyo, ukacheka nao.

Akamwita tena, taratibu, akilitafuta jina lake herufi kwa herufi. Likatoka lile lile. Kaka akajipiga mapaja.

Mara ya tatu mke aliacha kucheka. Akageuka mlangoni kumtafuta Dada. Dada alikuwa ameikumbatia tableti kifuani, anaangalia sakafu.