Gugu la Nyuma ya Maabara

Shemeji yangu akipenda kitu anakipenda mpaka anakera. Alipoipenda magnesiamu, nyumba nzima ilipata habari. Tukikaa mezani anatueleza jinsi skrubu ya metali hiyo inavyoshika mfupa uliovunjika, na jinsi mfupa ukishaunga skrubu yenyewe inavyoyeyuka mwilini polepole hadi inaisha, mgonjwa asirudi tena kupasuliwa ili kutolewa vyuma. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, alikuwa akimwambia ale kwanza.

Mimi kazi yangu ni magugu. Niko ofisi ya kilimo, kitengo cha mimea vamizi, yaani ile inayoingia bila hodi na kuwafukuza wenyeji. Kwa hiyo shemeji na mimi tulikuwa na utani usioisha. Nilimwambia yeye analipwa mshahara kutengeneza vitu vitoweke, wakati mimi ninavunjika mgongo kwa vitu vilivyokataa kutoweka.

Utani ukageuka kazi. Magnesiamu ikiachwa hivihivi huisha haraka mno, skrubu inakwisha kabla mfupa haujashika. Inabidi ivikwe utando mwembamba wa kuichelewesha. Shemeji alihangaika na kemikali za bei mbaya, kisha akagundua kwamba majani ya gugu moja linalotambaa, lenye maua ya njano, yakichemshwa na kuchujwa yanaacha utando mzuri kuliko dawa zote alizojaribu. Na gugu hilo lilikuwa limejaa kwenye mtaro nyuma ya maabara yake. Alinipigia simu akicheka peke yake. Aliniomba kitu kimoja tu, kwamba kikosi changu cha kung'oa magugu kisiguse mtaro ule. Nilimkubalia palepale. Shemeji anaomba magugu, ningemnyima kwa lipi?

Binti yangu tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Anaongea akila, anaongea akipiga mswaki, na nina hakika anaongea hata kwenye mtihani. Alianguka kwenye ngazi za shule akavunjika kifundo cha mguu, karibu kabisa na sehemu ambayo mfupa wa mtoto hurefukia. Daktari wa mifupa, mama wa makamo asiyepoteza maneno, alitueleza kwamba skrubu za chuma zingeshika vizuri, lakini zingepaswa kutolewa baadaye, na kila kisu kinachopita hapo kinaweza kuharibu ukuaji wa mguu. Skrubu za shemeji zilikuwa zimeshawekwa kwa watu wazima kadhaa na wamepona. Kibali cha kuanza na watoto kilikuwa kimetoka. Tulikuwa huru kukubali au kukataa.

Nilimtazama shemeji. Akaweka mkono kifuani akasema hata mtoto wa kumzaa mwenyewe angemwekea. Nikakubali.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Kidonda kilifunga, Chiriku akarudi nyumbani na gango mguuni, lile la kufunga na kufungua, akawa anatupa amri zake akiwa kochini. Halafu mchana mmoja, nikiwa namwosha mguu kwa kitambaa, akanyamaza. Kunyamaza kwake tu kulitosha kunitisha.

"Mama, bonyeza hapa," akasema. "Kuna kitu kinanong'ona."

Nilibonyeza kwa kidole. Chini ya ngozi kitu kilichachatika, kama povu la sabuni linapopasuka. Nikabonyeza pembeni kidogo, nako kukachachatika. Nilimfunga gango, nikamwambia si kitu, na yeye akanitazama usoni akaona kwamba nadanganya.

Nilimpigia shemeji. Akasema ni gesi tu, magnesiamu inapoyeyuka hutoa gesi kidogo na mwili huinyonya. Nikamwuliza kidogo ni kiasi gani. Akasema kiasi ambacho huwezi kukihisi kwa kidole. Kisha akaniuliza mara mbili kama nina hakika nimekihisi, na swali lile sikulipenda hata chembe. Nilimpigia daktari wa mifupa, muuguzi akasema yuko kwenye upasuaji, nimlete mtoto kesho asubuhi apigwe picha, na asikanyage chini. Nilimwacha Chiriku na bibi yake nikaenda maabara moja kwa moja.

Maabara ya shemeji ni chumba kirefu chenye harufu ya spiriti na feni inayolalamika. Kwenye meza ya ukutani kuna beseni la maji yaliyowekwa joto sawa na la mwili wa binadamu, na ndani yake zimesimamishwa chupa zenye maji ya chumvi, kila moja na skrubu inayoning'inia kwa uzi. Alinivuta mkono hadi pale kabla sijamaliza salamu. Nikaona skrubu za kijivu, zimetulia, na kiputo kimoja kimoja kilichoganda pembeni. Akasema hizo zimekaa humo tangu mwaka jana, na bado hazijapungua hata robo. Nilishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu mchana nilihisi miguu yangu iko chini.

Kisha nikauliza kama hizo ndizo ndugu wa zile za mtoto.

Akasema hapana, za mtoto ni za kundi la karibuni. Lakini metali ni ileile, ameipima mwenyewe, na utando ni uleule, maana majani ameyachuma palepale.

"Palepale wapi?"

"Si mtaroni, shem."

Nilimwambia anipeleke. Tulitokea mlango wa nyuma, tukapita mapipa ya taka na tangi la maji lililokuwa likivuja. Mtaro ulikuwa wa njano tupu. Ukisimama mlangoni ungeapa ni gugu lile la siku zote, hata mimi kwa sekunde chache niliapa. Nikachuchumaa nikashika shina. Gugu la shemeji lina vinyweleo vinavyokwaruza kiganja. Hili lilikuwa laini kama waya wa umeme. Nikalivunja kwenye pingili, ambazo zilikuwa nyekundu, na utomvu mweupe ukanigandia kidoleni.

Nililijua. Tulikuwa tukilivizia kando ya barabara tangu mvua zilizopita. Ni jamaa wa lile la kwanza, maua yao ni mapacha, na linapenda kujikita pale ambapo mwenzake ameshatayarisha makazi. Linampanda, linamfunika jua, na msimu mmoja unatosha. Nilichimbua kwa mikono kwenda chini. Gugu la zamani lilikuwa huko, mashina meusi yaliyooza, limekufa chini ya mgeni wake.

Nilimwuliza alichuma lini majani ya skrubu za mtoto. Akasema baada ya mvua.

"Na hukuona?"

"Kuona nini? Si lilelile?"

Nilitaka kumpa za uso. Huyu ni mtu ambaye hamwamini muuza metali hata kwa kiapo. Kila kipande kinachoingia mlangoni mwake hukikata, hukipima, hukitazama kwa hadubini, na akikiona kina doa anakirudisha. Lakini majani hakuyatazama hata siku moja, kwa kuwa yalikuwa ya bure na yalitoka mahali pamoja. Aliamini mahali. Mtu yeyote wa kitengo changu angemwambia kwamba mahali hubaki na wapangaji huhama. Ila hakuna mtu wa kitengo changu aliyekuwa amekanyaga hapo, kwa sababu mimi ndiye niliyewakataza. Hasira ikanirudia mwenyewe, nikaimeza.

Nilimwambia achukue skrubu iliyobaki ya kundi la mtoto aitie kwenye maji yaleyale, kando ya zile za mwaka jana. Akaanza kunieleza kwamba maji si mwili, mwili una mambo mengi. Nikamwambia atie.

Tulikaa kwenye viti virefu tukaitazama. Kwanza hakuna kilichotokea, na nilianza kujiona mpumbavu. Halafu kiputo kikapanda. Kikafuata kingine, halafu vikawa mfululizo, nyuzi nyuzi za viputo kama soda iliyofunguliwa. Jirani yake ya mwaka jana ilitulia kimya kwenye chupa yake. Mpaka watu wa vyumba vingine wanafunga milango kwenda makwao, maji ya chupa ile yalikuwa yameanza kuwa meupe, na pale kwenye hesi, ile mizunguko ya skrubu inayong'ata mfupa, palikuwa pamelika. Niliona mguu wa mwanangu ndani ya ile chupa. Nilitamani niondoe macho nikashindwa.

Shemeji alishika tama. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mke wa kaka, tungoje picha ya kesho. Nikisema leo, mradi umekufa. Huenda mfupa umeshashika."

"Huenda," nikasema. "Na usiposhika? Huyo ni mtoto, si chupa. Piga simu wewe, au nipige mimi."

Aliitazama simu muda mrefu. Namjua tangu akiwa mwanafunzi, amekula kwangu, amelala kwangu, na sikuwahi kumwona akiogopa. Akapiga. Safari hii daktari mwenyewe alipokea. Shemeji akamwambia bila kuzunguka kwamba utando una kosa, kosa ni lake, na kundi lile limetumika kwa mgonjwa mmoja tu. Hakulitaja jina la mtoto. Daktari hakuwa na haja ya kuuliza. Akasema tumlete sasa hivi.

Kwenye picha, skrubu zilikuwa zimezungukwa na kivuli cheusi, gesi, na kingo zake zimetafunwa. Daktari alinieleza kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali wake. Akipasua sasa, kisu kitapita tena kwenye ile sehemu ya kurefukia, na mguu unaweza kubaki mfupi. Asipopasua, skrubu zinaweza kwisha kabla mfupa haujaunga, kifundo kiteguke chote, na hapo hajui ataokoa nini. Nilimpigia mume wangu, ambaye alikuwa na lori mbali huko barabarani. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema yuko nami kwa lolote nitakaloamua. Nilitaka anikatalie, nipate wa kubishana naye. Nikapiga moyo konde, nikamwambia daktari apasue.

Chiriku alisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu bila kusema neno hata moja. Ningetoa chochote asikike akilalamika.

Kwenye korido shemeji alikaa mwisho wa benchi na mimi mwisho mwingine. Niliwaza mambo ambayo mama hapaswi kuyawaza, nikayafukuza, yakarudi. Daktari alipotoka alikuwa ameshika kibakuli cha bati, akanionyesha bila kuulizwa. Ndani kulikuwa na vipande vya kijivu vinavyomomonyoka, kama chaki iliyolowa. Akasema upande mmoja wa mfupa ulikuwa umeanza kushika, mwingine ulikuwa umeachia. Ameweka vyuma. Kipande kimoja kimezama jirani na sehemu ya kukua, ameogopa kukifuata, atakiacha kijiishie chenyewe. Kuhusu urefu wa mguu hawezi kuniahidi kitu. Nilimshukuru, nikaenda kumpigia mume wangu.

Shemeji aliusimamisha mradi mwenyewe kabla ya kusimamishwa. Kikosi changu kilisafisha mtaro wote, nami nilikuwa mstari wa mbele na jembe. Chiriku alianza kuongea tena, kwanza kidogo, kisha kwa malimbikizo. Mimi ndiye ambaye sikupona. Akilala mchana, nilikuwa nikilinganisha nyayo zake nikiona moja imebaki nyuma, natazama tena naona ziko sawa. Kipande kile kilikuwa bado kinayeyuka ndani ya mwanangu, na hakukuwa na dirisha la kuchungulia.

Siku ilifika mtaalamu wa mazoezi akasema sasa anaweza kukanyaga. Tulifanyia sebuleni, tukasogeza meza ukutani. Bibi yake alikaa akijifanya anakunja nguo. Shemeji alikuja, lakini aligoma kuingia, akabaki amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nilimshika Chiriku mikono yote miwili nikamwinua. Mguu mbovu ukagusa sakafu. Nilisikiliza kwa mwili mzima.

"Mama, niachie," akasema.

Nikamwambia asubiri kidogo.

"Mama, unaniumiza."

Nikatazama chini nikaona vidole vyangu vimemzamia kwenye ngozi mpaka imekuwa nyeupe. Sijui nilikuwa nimembana hivyo tangu lini. Nikavifungua, kimoja baada ya kingine, nikarudi nyuma.

Yeye akasimama. Mimi ndiye niliyekaa chini, palepale sakafuni, na shemeji akaingia mbio kutoka mlangoni kuninyanyua.