Siku Baba Pacha Alipokubali Kushindwa

Mama Pacha alikuwa na njia yake ya kujua kama mumewe ni mzima. Hakumtazama usoni, maana uso wa mtu aliyeunganishwa na mashine ya kusafisha damu huwa wa kijivu hata siku njema. Mashine nayo hakuitazama. Ilikuwa na taa zake na milio yake, na kila ilipolia moyo ulimruka, kumbe ni mrija tu umekunjika. Yeye alisikiliza. Baba Pacha akiwa anabisha, hali ni shwari. Akinyamaza, Mama Pacha huacha alichoshika na kuinua kichwa.

Kwa bahati, mwanamume yule hakuwa mtu wa kunyamaza. Kabla figo hazijamgomea alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, akazoea kupaza sauti ishinde kelele za karakana, na tabia hiyo aliingia nayo hospitalini. Katika chumba kile viti vikubwa vya kuegemea vilipangwa kando ya ukuta, na kila aliyekaa alinyoosha mkono wenye sindano akingoja damu yake itoke, isafishwe, irudi. Huwezi kwenda popote mpaka mashine imalize. Wengine hulala. Kona ya Baba Pacha ilikuwa imejitwika kazi ya kuamua nani mwanamichezo bora kuliko wote waliowahi kushiriki Olimpiki, wa mchezo wowote ule. Ubishi ulianza michezo ilipokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni ya ukutani. Michezo ikaisha, televisheni nayo ikafa, ubishi ukabaki.

Baba Pacha alisimama na wanyanyua vyuma. Fundi cherehani, aliyekaa kiti cha jirani, alikuwa mtu wa mbio ndefu. Mwalimu mstaafu, kiti kilichofuata, aliwatetea waogeleaji kwa upole, kama anayesahihisha daftari. Zamani alikuwepo wa nne, karani wa posta waliyempachika jina la Bondia, kwa kuwa kwake yeye hakuna aliyemzidi mpiga ngumi. Siku moja Bondia alisema amechoka kubishana, wao waamue wanavyotaka. Walipokutana tena kiti chake kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na mtu hayupo. Tangu hapo hakuna aliyegusa habari za ngumi, na hakuna aliyesema kwa nini.

Mama Pacha alikuwepo siku ile. Sauti ya Bondia akisema amechoka ilimkaa masikioni, na wakati mwingine, akiosha vyombo, aliisikia tena, mgongo ukamsisimka.

Asubuhi ya mkasa wenyewe walichelewa. Pacha mmoja alikuwa amepoteza kiatu. Mlango wa jikoni ulikuwa unajigonga kwa upepo kama umepagawa, Mama Pacha akapita akaufunga kwa teke. Baba mtu alitoka chumbani amevaa koti lake zito la kazini.

"Koti la nini na jua lote hili?"

"Nasikia baridi."

"Baridi ya wapi?"

"Mama Pacha, mgonjwa ni mimi au ni wewe?" Kisha akatabasamu kama mtoto aliyeficha kitu. "Leo Fundi namfunga mdomo. Mwisho wa maneno."

Hospitalini kila mgonjwa hupimwa uzito kabla ya kukaa. Figo zilizokufa hazitoi maji, kwa hiyo uzito wowote ulioongezeka tangu mara ya mwisho huchukuliwa kuwa ni maji yaliyobaki mwilini, na mashine hupangiwa kuyavuta. Sharti ni kuvua viatu na koti. Lakini Sista, muuguzi wa zamu, alikuwa ameinamia mkono wa mgonjwa mwingine akitafuta mshipa, na ilikuwa kawaida ya chumba kile kwamba ndugu waliozoea humsomea mizani.

"Nisomee, mama," Sista alisema bila kugeuka.

Baba Pacha alishavua viatu na kupanda. Koti alikuwa nalo. Mama Pacha aliliona, akajisemea koti ni koti tu, na muda umekwenda. Akasoma kwa sauti.

Sista akageuka. "Mbona maji yamezidi hivyo?"

Hasira zilimpanda Mama Pacha mpaka masikio yakawaka. Siku zote hizo alikuwa akimpimia mumewe maji kwa kikombe cha mtoto. Alimnyima barafu, alimnyima supu, alimnyima hata tikiti maji, naye akimlaumu kwa macho kama mfungwa. "Amekunywa kwa siri, Sista. Mtu mzima anaiba maji ndani ya nyumba yake mwenyewe. Yavute yote."

Chumba kizima kilisikia. Fundi cherehani alicheka puani. Baba Pacha alifungua mdomo, akamtupia Fundi jicho, akaufunga. Hakukana. Alikwenda kukaa, akavua koti mwenyewe na kulitundika nyuma ya kiti, na mkewe aliponyoosha mkono amsaidie akausukuma pembeni.

"Hilo koti liache."

Basi mtu asiyekubali hata kuambiwa leo ni Jumatatu alituhumiwa mbele za watu, akanyamaza. Mama Pacha, kwa hasira zake, hakuusikia ukimya huo.

Mwanzo ubishi ulikwenda vizuri. Mama Pacha alikaa kwenye benchi la ukutani akishona vifungo vya mashati ya pacha.

"Shemeji," Fundi alimwambia, "hiyo sindano unaishika kama mwiko. Niletee mimi hayo mashati, watoto wasije wakaenda shule vifua wazi."

"Wewe shughulika na sindano zilizo mkononi mwako."

Mwalimu alicheka mpaka mrija wake ukakunjika na mashine ikalia, Sista akaja kuuweka sawa. "Tuhesabu medali, jamani," Mwalimu alisema alipotulia. "Mwogeleaji mmoja anarudi kwao na medali za kujaza kabati. Mnyanyua vyuma wako anarudi na moja."

"Kwa sababu mwogeleaji anapewa medali kwa kila mkao," Baba Pacha alijibu. "Kifudifudi, medali. Chali, medali. Kama chura, medali. Basi na mimi nichomelee geti nimesimama, nichomelee nimechuchumaa, nichomelee nimelala, mniite fundi bora mara tatu."

"Na watu wako wanapangwa kwa kilo," Fundi alidakia. "Mdogo na wadogo, mnene na wanene. Mbio ndefu hazimuulizi mtu uzito. Wote mstari mmoja. Halafu nani duniani hajawahi kukimbia? Anayeshinda pale ametushinda sote, hata wewe."

"Mkimbiaji akichoka anapunguza mwendo. Chuma kinakupa nafasi hiyo? Kimepanda au hakijapanda. Na chuma hakiumwi, hakikosi usingizi, hakina siku mbaya. Mpinzani wa namna hiyo ni nani mwingine anaye? Ngoja tumalize hapa, Fundi. Leo sisemi kwa mdomo. Leo nakuonyesha."

Mama Pacha alisikia yote hayo, akakata uzi kwa meno na kuanza kifungo kingine. Mashine ziliendelea kunguruma. Jua lilihama kutoka kiti hiki kwenda kile. Fundi alikuwa ameingia kwenye hadithi yake ileile ya mkimbiaji anayeingia uwanjani peke yake, miguu imevimba, watu wote wamesimama, na hapo kwa kawaida Baba Pacha humkatiza kwamba kusimama watu husimama hata kwa bwana harusi. Safari hii hakumkatiza. Alipiga mwayo. Akapiga mwingine, mrefu.

"Sawa, Fundi," alisema. "Mkimbiaji basi. Umeshinda."

Fundi alipiga paja kwa mkono wake usio na sindano. "Mmemsikia? Mwalimu, wewe ni shahidi. Shemeji, shahidi."

Wagonjwa wa upande wa pili walicheka. Mwalimu naye alianza kucheka, kisha macho yake yakaenda kwenye kiti cha Bondia, kicheko kikakatika.

Mama Pacha alikuwa amekwisha kusimama. Shati lilikuwa sakafuni na hakujua limefikaje. Uso wa mumewe ulikuwa wa kijivu kama siku zote, uso haukumwambia kitu, lakini midomo ilikuwa nyeupe na jasho lilikuwa limetanda juu yake kama umande.

"Sista."

"Nakuja, mama, namalizia huyu."

"Sista, amekubali."

Sista alikuwa ameusikiliza ubishi ule muda mrefu mno asihitaji maelezo. Aliacha alichokuwa akifanya na kuja mbio. Alimfunga mkanda wa kupimia presha, akaitazama namba, akaisimamisha mashine isivute tena. "Baba Pacha. Baba Pacha, nitazame." Baba Pacha hakutazama popote. Sista alivuta wenzo wa kiti, kichwa cha mgonjwa kikashuka, miguu ikapanda juu, na koti lililotundikwa nyuma likateleza na kuanguka.

Lilianguka kwa kishindo. Koti halianguki hivyo.

Mama Pacha aliinama kulitoa njiani, likamvuta mkono kwenda chini. Akaingiza vidole mfukoni na kugusa kitu baridi. Alitoa sahani ya chuma, duara, yenye tundu katikati, rangi imebambuka, ile ambayo mumewe aliinyanyua ujanani alipokuwa na mabega, na ambayo siku hizi ilizuia mlango wa jikoni usijigonge.

Kwanza aliona upumbavu tu. Mumewe alitaka Fundi aishike mkono ukiwa umenyooka, aone uzito wake. Kisha akaona mizani, na miguu ya mumewe juu yake, na koti. Akasikia sauti yake mwenyewe: Yavute yote. Akashika ukingo wa kiti.

"Sista. Alipimwa nacho hiki. Mimi ndiye niliyesoma."

Sista alikitazama chuma, akamtazama yeye. Haukuwa wakati wa lawama. "Kumbe hakuwa na maji hayo."

"Hakuwa nayo."

"Basi tumemkausha." Akafungua mfuko wa maji ya chumvi mpaka mwisho, akaubana kwa mikono miwili yaingie upesi, akapaza sauti aitiwe daktari.

Hapakuwa na la kufanya tena. Mama Pacha alishika kile alichoweza kukifikia, ambacho kilikuwa mguu wa mumewe, nao ulikuwa wa baridi kama kile chuma. Aliusugua. Mumewe angeweza kukana pale kwenye mizani, alijiambia. Angesema tu, sijanywa, nina chuma mfukoni. Lakini Fundi angesikia na mchezo ungeharibika, kwa hiyo alikubali kuitwa mwizi wa maji. Akalipia ubishi kwa ukimya, na ukimya huo ndio ambao kwa miaka mingi yeye mkewe alidai anaujua kuliko mtu yeyote. Chumba chote kiligeukia kona ile. Hata wale waliolala walikuwa macho. Fundi alikuwa amejifunika uso kwa kiganja.

Daktari alifika, akauliza, akajibiwa, akaongeza mfuko mwingine. Ndipo vidole vya mguu vikacheza ndani ya kiganja cha Mama Pacha. Baba Pacha alifumbua macho.

"Koti langu liko wapi?"

"Tulia," Sista alimwambia.

Fundi aliondoa kiganja usoni. Macho yalikuwa mekundu. "Kaka, pumzika. Wanyanyua vyuma ndio bora. Nimekubali mimi. Umeshinda, kaka."

"Hata mimi," Mwalimu alisema. "Waogeleaji nimewaacha."

Walikuwa na nia njema. Lakini Baba Pacha alimtazama Fundi, akamtazama Mwalimu, kisha macho yake yakavuka chumba yakatua kwenye kiti chenye shuka safi. Alipomgeukia mkewe, Mama Pacha aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona usoni pale tangu waoane, si siku walipoambiwa habari za figo, si siku ya sindano ya kwanza. Mumewe alikuwa ameogopa.

"Mama Pacha," alisema kwa sauti ndogo, "mbona wamenikubalia?"

Angeweza kulia, machozi yalikuwa tayari, yanangoja ruhusa. Aliyameza.

"Wamekuonea huruma kwa sababu ya ujinga wako. Nani anakuja hospitali na kizuizi cha mlango mfukoni? Na kwa taarifa yako, chuma si lolote. Mkimbiaji ndiye bora. Mimi niko na Fundi."

Baba Pacha alipepesa macho. "Wewe?"

"Mimi. Kunyanyua kila mtu ananyanyua. Wapagazi sokoni wanabeba magunia kutwa nzima, nani amewavisha medali?"

"Gunia unabeba... unabeba begani." Pumzi ilimkatika katikati, naye Mama Pacha akakatika pamoja nayo. "Begani si juu ya kichwa."

"Kubeba ni kubeba."

"Mikono lazima inyooke. Na magoti. Waamuzi wanatazama magoti." Sauti ilikuwa inapata mwili. "Hujui kitu, mama wee. Shona vifungo vyako."

Fundi alimtazama shemeji yake, akaelewa. Alijikohoza. "Shemeji anasema kweli. Nami nimeyarudisha maneno yangu. Nilikuwa nakutania."

"Najua ulikuwa unanitania. Ungekubali wewe?"

Sista alikuwa ameshika mkanda wa presha, macho kwenye namba. "Endelea, mama," alisema taratibu. "Inapanda. Usimwache."

Hakumwacha. Alimtukana kila mnyanyua vyuma aliyewahi kuzaliwa, mpaka daktari akaondoka na midomo ya mumewe ikarudi rangi yake. Ndipo alipokwenda chooni, akafunga mlango, akaketi, akayapa machozi ruhusa.

Chuma alikirudisha nyumbani mwenyewe kwenye mkoba, na mkanda wa mkoba ukamwachia alama begani. Siku hizi pale kwenye mizani Sista anasoma kwa macho yake, na kabla ya hapo Mama Pacha hupekua mifuko ya mumewe kama askari wa gereza, mbele za watu, naye akilalamika. Kisha huketi, si ukutani tena bali karibu, maana sasa ana upande. Baba Pacha hawezi kumsamehe kwa mkimbiaji wake, na humshambulia tangu sindano inapoingia mpaka inapotoka.

Mama Pacha humjibu. Humchokoza akipoa. Lakini mara nyingine, katikati ya sentensi, Baba Pacha hunyamaza akitafuta neno, mkono umeinuka, mdomo uko wazi. Sindano ya Mama Pacha husimama juu ya kifungo. Hapumui mpaka neno lipatikane.