Fundi Cherehani Anaitafuta Eksi

Fundi cherehani alikuwa amefeli mtihani wa hesabu mara mbili, na mara ya tatu ndiyo ya mwisho: akishindwa, nafasi ya kufundisha ushonaji chuoni anapewa mwingine. Mtu una mikono ya dhahabu, halafu unazuiwa mlangoni na eksi. Ilimuuma, wala hakuficha.

Aliyemfundisha alikuwa bintiye wa kidato cha tatu, mkali kama pilipili. Jumapili mchana alimchorea mstatili, ubavuni akaandika x, akaenda kuanika nguo. Aliporudi, jibu lilikuwa tayari.

"Nne na nusu," mama alisema, tepu ingali juu ya daftari.

"Mama, umeipima eksi?"

"Sasa nitaijuaje bila kuipima?"

Binti alishika kichwa. Akaandika x² + 5x + 6. "Tafuta namba mbili. Ukizizidisha upate sita, ukizijumlisha upate tano."

"Kwa nini?"

"Ndivyo inavyofanywa."

"Mteja akiuliza kwa nini mkono wa shati umekaa upande, nimjibu hivyo?"

Mama akavuta kapu la vitambaa. Akakata mraba mmoja ("huu ubavu ni eksi, na siupimi, usinitazame hivyo"), vipande vitano vya urefu uleule, upana wa kidole, na viraba sita vya kidole kwa kidole. Akavipanga, akavipangua, akanung'unika, mpaka vyote vikawa mstatili mmoja usio na pengo. Ubavu mmoja: eksi na vidole viwili. Wa pili: eksi na vidole vitatu.

"Mbili na tatu," binti alisema polepole. Mwaka mzima alikuwa akipata vema kwa jambo asilolielewa, na aliona aibu. "Nionyeshe tena, mama."

Kwenye mtihani, swali la mwisho lilikuwa la turubai lenye pande x + 3 na x + 4, eneo lake mita za mraba 56. Jasho likimtoka, alifungua mabano, akatafuta vigawo, akapata majibu mawili: 4 na -11. Mwingine angelifuta la pili kimyakimya. Yeye aliona msahihishaji anastahili maelezo.

"Hili nimelikataa," aliandika. "Pande zingekuwa hasi saba na hasi nane. Turubai hilo halishoneki, na mteja wake simtaki."

Barua ya chuo ilikuja baada ya wiki tatu. Amepewa kufundisha ushonaji, na kwa maelezo yake mazuri, hesabu za mwaka wa kwanza pia. Aliisoma mara mbili, akakaa chini.

"Mwanangu," aliita, "hebu njoo. Hasi mara hasi inakuwa nini?"