Kilio cha Stoo

"Usinivute nywele kwa sababu umekosa jibu," nilimwambia wifi yangu, dada wa mume wangu. "Nakuuliza tena. Yule muuguzi anayejifungia stoo na kulia huku akihesabu mashuka, umemtoa wapi?"

"Inamisha kichwa."

Ni kazi kugombana na msusi aliyeshika kichwa chako. Upande mmoja ulikuwa umesukwa, wa pili umetimka kama paka aliyeona mbwa. Kutoka saluni hivyo nisingeweza, naye alijua.

Tamthilia ya hospitali tuliyoipenda iliisha ghafla, basi mashabiki tukafungua kundi kwenye simu tuiendeleze wenyewe, kila mtu akiandika sura zake. Kundi nalisimamia mimi. Kilio cha stoo nilikiandika mimi, mwezi uliopita, na watu hamsini wakanisifu. Juzi wifi akaandika muuguzi huyohuyo akitoka stoo, akanawa uso, akarudi wodini kumchoma sindano mume aliyemwacha, wala mkono haukutetemeka. Akasifiwa na watu mia tatu. Mia tatu! Mtu ambaye hata barua za kuomba kazi nilikuwa namwandikia mimi.

"Ifute leo," nikasema. "La sivyo natangaza kundini kwamba umeniibia. Nimeshaandika, bado kutuma tu."

Mteja aliyekuwa kwenye mashine ya kukaushia nywele akatoa kichwa nje asikie vizuri.

"Muuguzi ni wa tamthilia, wifi. Si wako."

"Wa tamthilia hakulia hata siku moja. Kilio nimempa mimi."

"Na wewe ulipewa na nani?"

Vidole vyake vikatulia kichwani mwangu.

"Mume wangu alipoondoka nilikuja kwako," akasema. "Nikajifungia stoo, nikahesabu mashuka yako kumi na manne ili watoto wasinisikie nikilia. Miguu yako niliiona chini ya mlango. Nikadhani umekuja kunipa pole, kumbe unanakili."

"Nilibadilisha."

"Ulibadilisha nini? Idadi ya mashuka?"

Nilikuwa nimeandika kumi na sita.

"Wewe uliandika nilivyolia," akaendelea. "Mimi nimeandika nilivyotoka. Hiyo hukuiona, ulikuwa umesharudi jikoni kwako."

Hapo ndipo wivu uliponikaba hasa, mtu mzima na stashahada yangu. Sura yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na nililijua hilo tangu juzi, nilipoisoma mara tatu nikitafuta kosa.

Nikatoa simu mkobani. Lile tangazo nikalifuta. Nikaandika jingine, fupi: kilio cha stoo si changu, nilikichukua kwa wifi yangu bila kumwomba, na anayetaka kusifu amsifu yeye. Kila neno lilinichoma. Nikatuma kabla roho haijanigeuka, kisha nikainyoosha simu juu ya bega ili aisome.